Kumtambua kinda wa shomoro panzi kwa manyoya yake, hasa mwezi wa 7 na wa 8

Wadau wa ndege mlioko huku Marekani ya kati, Iowa, Missouri, Kansas, Illinois mpaka Ohio, sa hivi ndo ule wakati ambao mbuga za nyasi zinajaa vindege vya kahawia visivyofanana na picha yoyote kwenye apu. Mwezi wa 5 na wa 6 mambo ni mepesi, dume yuko juu ya kijiti kikavu anaimba, kidari chote kiko wazi, unamwandika unaendelea na safari. Ukifika mwezi wa 7 nyimbo zinapungua, makinda wameshatoka viotani, na hapo mtu anamwona shomoro ana michirizi kifuani, anafungua kitabu, anakuta shomoro wa Henslow naye ana michirizi kifuani, basi furaha tele, amepata ndege adimu. Mara nyingi sana sio Henslow. Ni mtoto wa shomoro panzi.

Kwa hiyo huu mwongozo ni wa ndege mmoja, shomoro panzi, kisayansi Ammodramus savannarum, pamoja na wale wachache wanaochanganywa naye. Na kitu ninachokisisitiza toka mwanzo mpaka mwisho ni hiki: uliza umri kwanza, jina la ndege baadaye. Watu wengi wanaanza na michirizi, ipo au haipo, alafu wanakimbilia jina. Kwa shomoro wa nyasi wakati wa kiangazi cha huku hiyo njia inakupoteza kabisa, manake michirizi ya kifuani inabadilika kulingana na umri, tena inabadilika kinyume kati ya aina mbili zinazofanana. Nitafika huko.

Kwa wageni tu, hawa sio ndugu wa shomoro wa majumbani tuliowazoea. Shomoro wa huku wako kwenye familia yao wenyewe, Passerellidae, na yule wa majumbani mnayemwona kwenye maegesho ya Walmart aliletwa kutoka Ulaya, akaachiwa Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1850. Ukimzoea yule bado hajakusaidia chochote mbugani.

Anza na mzazi

Shomoro panzi aliyekomaa ana urefu wa kama sentimita 11 na uzito wa gramu 14 mpaka 20, yaani mdogo kweli. Umbo lake ndo silaha yako kubwa kwa sababu halibadiliki sana na umri: kichwa bapa na kikubwa kwa mwili ule, mdomo mnene, shingo ni kama haipo, mkia mfupi wenye ncha zilizochongoka. Kidari chake ni cha rangi ya krimu iliyokolea, hakina michirizi, labda kidogo sana pembeni, na tumbo ni jeupe. Usoni hana mambo mengi, uso uko mtupu wa krimu na jicho jeusi linaonekana kubwa, limezungukwa na pete nyembamba nyeupe. Juu kidogo, kati ya jicho na mdomo, kuna doa la manjano linaloelekea rangi ya chungwa. Utosi ni wa kahawia nzito uliogawanywa katikati na mstari mweupe. Kwenye kona ya bawa pale linapokunjika kuna umanjano, ila saa nyingi umefichwa na manyoya ya kifuani. Wimbo wake ni milio miwili mifupi alafu mlio mrefu mwembamba wa kudunda unaosikika utadhani mdudu, watu wenye umri mkubwa wengine hawausikii kabisa.

Mkariri huyo vizuri mwezi wa 5 na wa 6. Kama hujamzoea mzazi, mtoto atakusumbua.

Umri unausoma wapi

Kiota cha hawa ndege kiko chini kabisa, kwenye shina la nyasi, juu kimefunikwa. Nyoka, skanki, rakuni, mbweha wote wanapita hapo hapo. Sasa mwili wa kinda unaharakisha kuliko unavyodhani, mayai 4 au 5 yanaatamiwa siku 11 mpaka 13, na makinda wanatoka kiotani wakiwa na siku 8 au 9, kuruka hawajui, wanakimbia kwenye nyasi kama panya. Katika hizo siku chache manyoya yote ya mwili yameota kwa mpigo mmoja. Unyoya ulioota kwa haraka hivo unakuwa na nyuzi chache, umelegea, laini, haujashikana vizuri, na hiki ndo kitu cha kutafuta ukiwa na picha nzuri au darubini ya kueleweka: manyoya ya chini ya mkia na ya ubavuni yanaonekana kama yanapeperuka kidogo, hayana ule ulaini ulioshonana wa ndege mkubwa.

Kitu cha pili ni upya. Mwezi wa 7 ndege mkubwa amechakaa. Manyoya yake mengi amekuwa nayo tangu mwaka jana, amesafiri nayo kwenda na kurudi kutoka kusini, ameingia na kutoka kwenye nyasi kali mara elfu akilisha watoto, kwa hiyo ncha za mkia zimesagika, kingo za mabawa zimepauka, mgongo umekuwa mweusi mweusi kwa sababu zile kingo za rangi nyepesi zimelika zikaisha. Kinda yeye kila unyoya una umri mmoja, kila unyoya una kingo safi, mgongoni unaona unyoya mweusi katikati wenye ukingo wa krimu au mweupe pembeni, umepangika moja moja, mgongo mzima unatoa sura ya magamba. Mi ukiniambia nichague alama moja tu ya umri kwa ndege aliye mbali, nachagua hii. Ndege nadhifu mno mwezi wa 7 kwenye mbuga ya nyasi, mshuku kwamba ni mtoto.

Kitu cha tatu ni pembe za mdomo. Kinda aliyetoka kiotani karibuni ana ngozi nene ya njano pale mdomo unapofungukia, inampa sura ya kununa. Hii inapungua haraka, kwa hiyo kuikosa hakumaanishi kwamba ni mkubwa. Na cha nne ni urefu wa mkia, kinda wa siku chache nje ya kiota karibu hana mkia na kichwani anaweza kuwa bado na vinywele vya utotoni vimesimama juu ya macho, huyo hata hakuna ubishi.

Sasa kinda mwenyewe

Haya, umeshaamini ni kinda. Muangalie kidari. Kinda wa shomoro panzi ana mkanda wa michirizi mifupi ya kahawia nzito unaopita sehemu ya juu ya kidari kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na inashuka kidogo ubavuni. Chini ya kidari ni krimu nyepesi au karibu nyeupe, tumbo halina kitu. Michirizi yenyewe ni mifupi, ina kingo zisizokatika vizuri, imekaa kama madoa yaliyovutwa kidogo, sio mistari myembamba iliyochorwa na kalamu. Mkanda huo ndo unaowachanganya watu wote kwa sababu mzazi hana.

Alafu panda usoni. Lile doa la manjano-chungwa la mbele ya jicho hana, pale pana krimu nyepesi tu au weupe. Shavu lina vidoadoa zaidi ya mzazi, uso sio mtupu sana. Pete ya jicho ipo, nyeupe. Mstari wa katikati ya utosi upo na ni muhimu, ila utosi wenyewe una michirizi midogo midogo kwa hiyo mstari hauonekani mkali kama wa mzazi. Kisogoni kuna michirizi pia, wakati mzazi ana ukijivu wenye madoa ya rangi ya kutu. Umanjano wa bega usiutafute, hata kwa mzazi ni shida kuuona.

Rangi ya jumla ya kinda ni ya ubaridi, kahawia ya vumbi na krimu, haina wekundu mwingi. Shika hilo neno wekundu, linarudi hapo chini.

Na umbo. Hata mkia ukiwa haujamaliza kuota, kichwa ni kile kile bapa, mdomo ni ule ule mnene uliotoka nje kwenye paji moja kwa moja. Ukiwa na wasiwasi na rangi, rudi kwenye umbo, manake rangi inadanganywa na jua na maji, umbo linadanganywa mara chache zaidi.

Henslow, ile kinyume niliyosema

Shomoro wa Henslow alipewa jina na Audubon, yule mchoraji wa ndege, mwaka 1829, akimuenzi John Stevens Henslow, profesa wa mimea wa Cambridge, yule yule aliyemfundisha Charles Darwin. Siku hizi wanasayansi wamemtoa kwenye jenasi ya Ammodramus wamemweka Centronyx, ila kwa macho ya mtu aliyesimama njiani bado ni pacha wa shomoro panzi: mdogo, kichwa bapa, mdomo mkubwa, mkia mfupi.

Henslow mkubwa ana michirizi myembamba mieusi kifuani na ubavuni. Mtoto wake hana, au anayo kidogo sana, chini amepakwa krimu ya manjano tu. Shomoro panzi mkubwa hana michirizi kifuani. Mtoto wake anayo. Yaani mtoto wa huyu amevaa nguo ya mzazi wa yule, na mtoto wa yule amevaa nguo ya mzazi wa huyu. Soma tena hiyo mistari taratibu mpaka ikae, maana makosa mengi ya mwezi wa 7 na wa 8 kwenye hizi mbuga chanzo chake ni hapo. Mtu akimwona kinda wa shomoro panzi anasema Henslow, akimwona kinda wa Henslow anasema shomoro panzi, na kama hakujiuliza umri hana namna ya kujua kwamba amegeuza.

Wanatenganishwaje? Henslow wa umri wowote ana wekundu wa kutu kwenye mabawa, unaonekana hata akiwa amekunja, na mkubwa ana uzeituni kichwani na kisogoni, kijani cha zeituni kilichofifia ambacho kwenye mwanga wa kawaida kinashangaza ukikiona mara ya kwanza. Ana pia mistari miwili myeusi usoni inayoshuka kutoka kwenye mdomo, ile ya kama sharubu na ile ya pembeni ya koo. Kinda wa Henslow uzeituni wake umefifia, amekaa kimanjano zaidi, lakini mabawa ya kutu anayo na uso wake una alama nyeusi kuliko uso wa shomoro panzi mkubwa. Kwa hiyo ukiona ndege mwenye mkanda wa michirizi kifuani, kahawia ya vumbi, mabawa hayana kutu, kichwani hakuna uzeituni hata chembe, na manyoya ni mapya yana magamba mgongoni, huyo ni kinda wa shomoro panzi. Ukiona michirizi myembamba mikali, kichwa cha zeituni, mabawa ya kutu, na manyoya yamechakaa, huyo ni Henslow mkubwa, furahi, una haki.

Mahali pia panasaidia, ila pasikuamulie. Shomoro panzi anapenda nyasi fupi au za wastani zenye nafasi ya udongo kati ya mashina, sehemu zilizochomwa moto karibuni au zenye ng'ombe na nyati. Henslow anataka nyasi ndefu zilizosongamana zenye matandazo ya majani makavu ya miaka iliyopita chini. Konza Prairie kule Kansas, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Kansas State na shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy, maeneo yake yanachomwa kwa ratiba tofauti, mengine kila mwaka, mengine kila miaka 2, 4 na hata 20, na ukipita njia za wageni unaona kwa macho jinsi nyasi zinavyobadilika kutoka kipande kimoja kwenda kingine na ndege nao wanabadilika. Hifadhi ya Neal Smith karibu na Prairie City, Iowa, wale mlioko Des Moines sio mbali kwa gari, nayo inafaa sana kwa mazoezi. Ila kumbuka kinda akishajua kuruka anazurura, anaweza kukutwa kwenye nyasi ambazo mzazi wake asingejenga, na mbuga nyingi zina aina zote mbili umbali wa mita mia tu. Ndo maana nasema mahali ni ushahidi wa pembeni.

Wengine watakaokusumbua

Wa kwanza kwa wingi ni shomoro wa Savannah. Huyu ana michirizi kifuani utotoni na ukubwani, kwa hiyo hana kinyume chochote, na kinda wake ana rangi ya krimu zaidi ya mzazi na michirizi mingi inayoshuka mpaka ubavuni. Mtofautishe kwa umbo: mdomo mdogo mwembamba, kichwa cha duara kidogo, mkia mrefu zaidi wenye mkato katikati. Tabia pia, Savannah akishtuka anaruka mbali na kutua juu ya waya au uzio mahali unamwona, wakati kinda wa shomoro panzi anaruka chini chini mita chache, mabawa yakipiga haraka haraka, anadondoka kwenye nyasi na humwoni tena. Usitegemee umanjano wa mbele ya jicho wa Savannah, kwa makinda unakuwa hafifu au haupo.

Shomoro wa jioni, yule Pooecetes gramineus, ni mkubwa, karibu sentimita 16, akiruka manyoya ya nje ya mkia ni meupe na hapo kesi imeisha. Shomoro mdogo wa bustanini, Spizella passerina, makinda wake wana michirizi na wanabaki nayo muda mrefu mpaka vuli, wanakuja pembeni ya mbuga penye miti, ila ni wembamba, mkia mrefu, na wana mstari mweusi unaopita jichoni mpaka kufika mdomoni. Shomoro panzi hana huo mstari.

Alafu kuna mtu anayesahaulika kila mwaka, kinda wa ndege-ng'ombe kichwa kahawia, Molothrus ater. Mama yake hutaga kwenye viota vya ndege wengine na kuondoka, wanaolea ni hao wengine, shomoro wakiwemo. Kinda wake ana michirizi chini, magamba mgongoni, manyoya mapya, sifa zote za umri nilizotaja hapo juu anazo. Ukimwona kindege kidogo kinamlisha mtoto mkubwa kuliko chenyewe, usiseme shomoro panzi ana watoto wakubwa. Muangalie ukubwa, rangi ya kijivu-kahawia isiyo na mstari wa utosi, na miguu myeusi.

Shomoro wa Baird, mwingine anayefanana nao, mimi sitamzungumzia sana, yeye ni wa mbuga za kaskazini, Montana, North Dakota, Saskatchewan, ukiwa Iowa au Ohio weka pembeni kabisa wazo hilo mpaka upate picha isiyo na shaka.

Wale waliotoka Afrika Mashariki wakahangaika na akina cisticola, vile vindege vya kahawia vya nyasini, au na majike wa kwelea na wa ndege chekechea nje ya msimu wa kuzaa, mazoezi mnayo tayari. Huku nako ni kahawia juu ya kahawia, na kinachokuokoa ni umbo, mdomo, mkia na mlio kabla ya rangi.

Umande, jua la asubuhi na vumbi

Hili nalitengea nafasi yake kwa sababu halisemwi vya kutosha. Asubuhi mapema nyasi zina umande mzito. Ndege akitembea ndani yake manyoya ya kidari yanalowa, yanashikana kwa makundi, na sehemu za chini za manyoya ambazo ni nyeusi zinajitokeza. Matokeo yake shomoro panzi mkubwa asiye na mchirizi hata mmoja anaonekana ana michirizi kifua kizima! Ukimkuta hivo msubiri, atapanda juu ya kijiti, atajikung'uta, ataanza kuchana manyoya, ndani ya dakika kumi utaona kidari halisi. Michirizi ya maji haina mpangilio, inabadilika akigeuka, na inashuka mpaka tumboni. Mkanda wa kinda uko pale pale kila akigeuka, na tumbo linabaki safi.

Jua nalo, saa moja asubuhi mwanga ni wa dhahabu, kila ndege anakuwa na krimu iliyokolea na kutu ambayo hana. Usiamue wekundu wa mabawa kwenye huo mwanga. Subiri mpaka saa mbili na nusu au tatu, au siku ya mawingu ambayo kwa kweli ndo siku nzuri kuliko zote kwa kazi hii. Na ukipiga picha punguza mwanga kidogo kwenye kamera, simu nyingi zinaunguza kidari cha rangi nyepesi mpaka michirizi myembamba inapotea, alafu unakuja kubishana na watu juu ya kitu ambacho picha yako imekifuta.

Kumuangalia bila kumuumiza

Kaa njiani. Hili ni sharti. Kinda asiyejua kuruka akikusikia anaganda chini kwenye nyasi, na ukiingia mle huwezi kumwona kabla ya kumkanyaga. Mama akiruka kutoka miguuni pako akianza kujikokota na bawa kama limevunjika, maana yake kiota au watoto wapo karibu sana, rudi nyuma ulikotoka hatua kwa hatua, usimfuate. Usimwokote kinda ukidhani ametupwa, hajatupwa, na kuanzia sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 kumchukua au kumfuga ni kosa huku Marekani.

Njia nzuri ni kutafuta mzazi mwenye chakula mdomoni, simama mbali kama mita 30 na usubiri. Shomoro panzi akikamata panzi humkung'uta miguu yote itoke kabla ya kumpeleka kwa mtoto, inapendeza kuangalia, na ukimwona anafanya hivo ujue watoto wapo na wewe tayari umeshamjua mzazi. Atashuka kwenye nyasi mahali fulani, kama anarudi pale pale kila mara ni kiota, kama anashuka sehemu tofauti tofauti basi makinda wameshatoka na wametawanyika. Makinda wakubwa kidogo wanapanda kwenye waya wa uzio au bua la mmea mkavu asubuhi wakijikausha umande, hiyo ndo nafasi yako ya picha. Piga ya upande, ya mbele, na ya mgongo kama atakupa, manake picha ya kidari peke yake bila bawa na utosi mara nyingi haitoshi kumtenga na Henslow. Vaa suruali ndefu, ingiza kwenye soksi, kupe wa huku hawana mchezo.

Apu ya Merlin inasikiliza vizuri wimbo wa dume, lakini kinda haimbi, anatoa vilio vyembamba tu vya kuomba chakula. Kwa hiyo apu ikikuandikia shomoro panzi imemsikia baba, haijamtambua huyo unayemwangalia. Kwenye picha nayo inaweza kukupa jina kwa kujiamini wakati picha ni ya kinda, itumie ikupe majina ya kuanzia, uamuzi uwe wa macho yako.

Unaandika nini

Ukimpata, andika umri na sababu. Sio "shomoro panzi 1" tu. Andika kinda, mkanda wa michirizi juu ya kidari, tumbo safi, hana doa la manjano mbele ya jicho, mabawa hayana kutu, magamba mgongoni, mkia mfupi. Maneno hayo ndo yanayomwezesha mtu mwingine kukubali au kukurekebisha. Kwenye eBird, ule mtandao wa kuandikia ndege uliowaona, kuna alama za uzalishaji, FL kwa kinda aliyetoka kiotani karibuni, CF kwa mzazi aliyebeba chakula, FY kwa anayelisha. FL itumie kwa kinda ambaye bado anategemea wazazi au hajui kuruka sawasawa, yule mwenye mkia kamili anayeruka vizuri mwezi wa 8 anaweza kuwa ametoka mbuga nyingine kabisa. Na kama huna uhakika, eBird inaruhusu kuandika shomoro bila kutaja aina. Hiyo ni rekodi halali.

Najua kwa wengine inaonekana ni kazi nyingi kwa kindege cha gramu 17. Lakini utafiti uliotoka 2019 kwenye jarida la Science ulionyesha ndege wa mbuga za nyasi Amerika Kaskazini wamepungua asilimia 53 tangu 1970, hakuna kundi lingine la makazi lililopoteza hivo, na wale shomoro panzi wa Florida, jamii ndogo ya floridanus, wako kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 1986 na imebidi wazaliwe kwenye vizimba na kuanza kuachiwa mwaka 2019. Dume anayeimba anakwambia kwamba amejaribu. Kinda anakwambia kwamba kwenye hilo shamba wamefaulu, nyasi hazikufyekwa mapema mno, kiota kimepona. Mtu anayesimamia mbuga akipata rekodi za makinda zenye tarehe anajua lini pa kufyekwa na lini pasiguswe, na kwa shomoro panzi ambaye mara nyingi anazaa mara mbili kwa msimu, makinda wa pili wanaweza kuwa bado chini mwezi wa 8 wakati trekta za nyasi kavu zinaingia.

Kitu cha mwisho ni cha mwezi wa 9 na kuendelea. Makinda wa shomoro panzi wanaanza kubadili manyoya mwisho wa kiangazi, unaona ndege mwenye mabaka, huku michirizi ya zamani iliyolegea, huku manyoya mapya ya krimu yaliyoshonana, doa la mbele ya jicho linaanza kupata rangi. Kufikia mwisho wa mwezi wa 9 wengi mkanda umeisha. Sasa ukikuta mwezi wa 10 kindege cha krimu ya manjano chenye michirizi kifuani, kwenye nyasi zenye unyevu, manyoya bado ya kitoto, usilazimishe shomoro panzi. Fikiria shomoro wa LeConte, makinda wake wanasafiri kutoka Minnesota, North Dakota na Canada wakiwa bado na manyoya yao ya kwanza. Muangalie mdomo: wa LeConte ni mdogo, mwembamba, una ukijivu wa bluu, na uso wake wa krimu unazunguka shavu la kijivu. Mdomo ukiwa mnene na mkubwa, hapo rudi juu uanze tena na umri.